Sailensa kupanda yenyewe: tuanze na vali, mipira ya hewa au sensa ya joto?

Babawatoto
Wakuu, nina gari la familia la miaka mingi, la petroli, ambalo throto yake (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) huvutwa kwa kebo. Siku nyingine injini ikishapata moto sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga pedeli ya mafuta) hutulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika. Siku nyingine hung'ang'ania 1,600 bila mguu kugusa pedeli, kisha hushuka yenyewe. Taa ya injini haiwaki. Nimeshauriwa kubadili vali ya sailensa, kutafuta panapovuja hewa, au kubadili sensa ya joto la maji. Naomba ulinganisho kabla sijanunua chochote.

Mkono_wa_Grisi
Ndugu, anza na vali, lakini usianze kwa kuinunua. Vali hiyo hupitisha hewa kando ya kipepeo cha throto (kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa), na masizi yakiganda ndani yake hukwama ikiwa wazi leo na kesho ikafunga vizuri, jambo linalolingana na tabia unayoieleza. Kuifungua na kuisafisha ni kazi ndogo. Papo hapo hakikisha kipepeo kinarudi hadi mwisho, kwa sababu kebo inayokwaruza ndani ya ala yake huleta dalili ileile.

Vipimo_Kwanza
Naheshimu rai ya aliyetangulia, ila mpangilio wangu ni tofauti. Kusafisha hufuta ushahidi: tatizo likitoweka kwa muda, hutajua kama limepona au limepumzika. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, subiri sailensa ipande, halafu tazama joto la maji. Ikiwa injini imekwisha kupata moto na kompyuta bado inasoma nyuzi 30, basi inaamini injini ni baridi na inaongeza hewa na mafuta kwa makusudi. Vali haina kosa. Tikisa plagi ya sensa uone kama namba zinaruka. Ukiwa na mita ya umeme, sensa nyingi huonyesha omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na takriban omu 300 kwenye nyuzi 80.

Kisha soma marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Kwenye injini yenye sensa ya kupima hewa inayotoka kwenye kichujio, hewa inayovujia ndani baada ya sensa hiyo haihesabiwi, hivyo kompyuta huongeza mafuta, tuseme kwa asilimia 15, wakati wa sailensa, na nyongeza hiyo hupungua ukipandisha mzunguko hadi 2,500. Wengi husahau kwamba kwenye injini inayokadiria hewa kwa mgandamizo wa ndani ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), hewa hiyo ya ziada huhesabiwa, kwa hiyo sailensa hupanda bila marekebisho kubadilika sana. Huko, marekebisho mazuri si uthibitisho kwamba hakuna panapovuja.

Mama_Safari
Asiye na mashine afanyeje? Mimi ningeangalia maji ya rejeta kwanza, injini ikiwa baridi. Yakipungua, sensa huzungukwa na hewa badala ya maji na kusoma vibaya. Tena injini kadhaa za zamani zina vali ya sailensa inayofungwa kwa joto la maji hayohayo. Baada ya hapo, sailensa ikiwa juu, bana taratibu kwa koleo lililozungushiwa kitambaa kila mpira unaoingia kwenye manifodi, ukianza na ule wa busta ya breki (kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki). Ukibana na sailensa ikashuka, umepata njia inakopita hewa. Kupulizia dawa inayowaka juu ya injini ya moto sikupendekezi, hata kama mafundi wengi hufanya hivyo.

Babawatoto
Nashukuru. Fundi mmoja anasema anaweza kuishusha kwa kugeuza skrubu ya throto. Niruhusu?

Mkono_wa_Grisi
Usimruhusu. Skrubu ile huweka mahali kipepeo kinapopumzikia, na ukiipunguza ili kuficha hewa ya ziada, siku ambayo hewa hiyo haipo injini itazimika kwenye foleni. Nikubaliane na Vipimo_Kwanza kwamba kusoma joto la maji kutangulie, maana hakufungui hata skrubu moja.

Vipimo_Kwanza
Ongezeko moja, mkuu: sailensa ikianza kupanda na kushuka kwa mpigo, tuseme kati ya 1,000 na 1,800, mara nyingi ni kompyuta inayokata mafuta kwa kuona kipepeo kimefungwa ilhali mzunguko uko juu, kisha kuyarudisha. Hapo usihangaike na nozeli (vipulizia mafuta). Tafuta hewa inakoingilia.