Huyu fundi wa mvua tunayemjua wote: leo tumekosana rasmi

Wakuu, sina salamu. Soksi zimelowa.

Mnamjua. Yule yule wa kuingia kila uzi wa kinyonga na "kwa uzoefu wangu". Simtaji, maana akitajwa anakuja na picha 40 za mimea yake. Nilimwomba anifungie mvua ya bandia kwenye boksi la kinyonga wangu: pampu, mpira wa maji, nozeli nne za kunyunyizia, taima. Kazi ya saa moja, yeye kaifanya kutwa nzima huku akihutubia.

Ndoo ya lita 20 akaipandisha juu ya kabati, juu kuliko boksi lenyewe. Nikauliza, "Mkuu, isikae chini?" Akanitazama kama nimeuliza kinyonga ananyonyesha. "Juu ndiyo presha."

Saa mbili usiku taima ikawasha sekunde 30, ikazima. Pampu ikanyamaza. Maji hayakunyamaza.

Alfajiri nashuka kitandani: chwaa! Ndoo tupu. Udongo wa boksi umekuwa uji, zile kokoto nyepesi za kuchujia maji zimetoka chini zinaelea. Kinyonga yuko ncha ya tawi la juu kabisa, kang'ang'ania kwa miguu yote minne na mkia, jicho moja kwenye ndoo, jingine kwangu.

Nampigia. Namweleza yote. Kimya kidogo, kisha:

"Si ulitaka unyevu?"

SI. ULITAKA. UNYEVU.

Na alivyosema kwa upole sasa! Angenitukana ningeelewa. Nimekamua zulia hadi mikono imekunjamana kama ya bibi wa miaka 200, kipimo cha unyevu kimegota 99, mtu ananiuliza si nilitaka unyevu. Nilitaka majani yalowe, kinyonga alambe matone yake, majani yakauke. Basi. Sikuagiza gharika ya Nuhu.

Eti akaongeza: "Mimea imefurahi lakini."

JaniBichi: Nimecheka kama mazuri. Mpe pole kinyonga, wewe baadaye.

MkiaMrefu: Ila na wewe mkuu. Ndoo ikiwa juu ya nozeli, pampu ikizima maji yanaendelea kujivuta yenyewe mpaka yaishe. Ndoo inakaa CHINI. Tundu la kutolea maji kwenye sakafu ya boksi ulikuwa nalo?

Mleta uzi: Alisema tundu linapoteza unyevu.

MkiaMrefu: Basi mlikutana.

KobeWaPili: Kwangu alielekeza nozeli kwenye taa ya joto. Balbu ya moto, maji ya baridi, PAA! Vioo hadi kwenye moss, ile mimea laini ya kutandaa chini. Namuuliza, anasema "si ilikuwa ya zamani?"

Mleta uzi: Umeona?! "Si ulitaka unyevu?" Ndiyo zake!

Tonetone: Nyie mnalia mafuriko, mie hata ukungu sipati. Maji yangu yana chokaa, nozeli tatu zimeziba, ya nne inakojoa pembeni. Kioo kina madoa meupe, mjusi simwoni, nabahatisha tu kwamba yumo.

JaniBichi: Loweka nozeli kwenye siki, halafu uhamie maji yaliyochujwa chumvi. Ukirudia hayo hayo utaloweka mpaka uzeeke.

SaaTisa: Chokaa si shida. Pampu yangu inanguruma saa tisa usiku kama trekta. Wife kasema nichague, yeye au mjusi.

KobeWaPili: Weka sponji chini ya pampu, isigusane na mbao.

SaaTisa: Sponji ndiyo nalalia mimi sebuleni.

MkiaMrefu: Kumbe ulishachagua.

Mleta uzi: Wakuu, zulia bado limelowa.

Tonetone: Mleta uzi subiri kidogo. SaaTisa, hiyo pampu ni ya volti ngapi?