Kujitolea kwenye njia za msitu wa Karura, Nairobi, wikendi, mnaongeaje na watu?

mkimbiaji_jmosi: Habarini wadau. Mi hukimbia Karura karibu kila Jumamosi na nataka kuanza kujitolea, kuzunguka tu kwa njia na kukumbusha watu sheria. Shida ni wiki jana nilimwambia baba mmoja aache kumpa kima mkate akaniuliza "kwani we ni nani hapa?", nikakosa la kusema na watoto wake wananiangalia tu. Wenye mshafanya hii kazi, mnaanzaje?

mama_mbega: Pole kaka. Usianze na sheria, anza na salamu, uliza watoto wameona nini. Halafu waeleze kima akizoea mkate hangoji tena kupewa, anakunyang'anya mkononi, na akimuuma mtoto lawama ni za huyo kima. Mi nilishaona mmoja amekaa kwa benchi anafungua pakiti ya krips na meno, polepole, watu wanacheka wanapiga picha, niliumia roho sana juu najua kesho atarudi hapo hapo. Waonyeshe mbega huko juu, yule anakula majani yake hana haja na mtu.

gunia_na_glavu: Na usitembee peke yako. Pita getini ujitambulishe kwanza, ukiwa na skauti, wale walinzi wa msitu, hakuna atakuuliza we ni nani. Ukikuta mtu anakata miti usimkabili, hiyo waachie KFS, shirika la misitu la serikali. Kazi kubwa yetu ni vitu vidogo, kama chupa za plastiki zinafichwa kwa mkoba na zilipigwa marufuku tangu Juni 2020, na pia mvua ikinyesha watu wanakwepa matope wanapita kwa nyasi, njia inazidi kupanuka mpaka miche ya pembeni inakanyagwa yote. Mwambie mtu apite tu kwa matope, viatu huoshwa.

Kuna mtoto aliniuliza mbona nimeinama kuokota karatasi moja ya peremende, nikamwambia mwaka 1999 Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alipigwa hadi akatoka damu kichwani akienda kupanda mti kwa huu msitu. Alinyamaza kidogo, akaanza kuokota na yeye.

mkimbiaji_jmosi: Asanteni sana, hiyo ya kupita kwa matope hata mi nimekuwa nikikosea. Jumamosi nakuja na dada yangu, mnaanza saa ngapi?

mama_mbega: Saa moja asubuhi, tukutane getini. Maji mbebe kwa chupa ya chuma.