Maandishi ya “haicheleweshi sauti” kwenye maboksi ya kadi za sauti ni hadaa kwa wapiga kinanda

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu wanaouza vifaa hivi wanategemea sana kwamba mnunuzi atashindwa kueleza ni kitu gani hasa kinachomkera.

Mimi hupiga piano na ogani za programu kwenye kompyuta ya nyumbani yenye Windows, kwa kutumia kinanda cha MIDI (kinachoiambia kompyuta ni noti gani imeguswa) kilichounganishwa kwa USB. Nilipokwenda kununua kadi ya sauti ya nje, yaani kifaa cha kuingizia na kutolea sauti ya kompyuta, nilimweleza muuzaji wazi kwamba shida yangu ni moja tu: nikigusa kinanda, sauti hutoka ikiwa imechelewa kiasi cha kuniharibia mapigo. Akanionyesha boksi lenye maandishi makubwa yanayodai kuwa kifaa hicho hakicheleweshi sauti hata kidogo. Dai hilo ni la kweli kwa mwimbaji mwenye maikrofoni au mpiga gitaa, maana ndani ya kadi ipo njia inayopeleka sauti iliyoingia moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupita kwenye kompyuta. Piano ya programu haina njia ya mkato ya namna hiyo. Sauti yake hutengenezwa ndani ya kompyuta kwenyewe, kwa hiyo haina budi kupita kwenye bafa (fungu la sauti linalosubirishwa kabla ya kuchezwa) na kwenye draiva (programu inayoiunganisha kadi na Windows) kabla ya kufika sikioni, na walioandika boksi lile wanalijua hilo vizuri kuliko mimi.

Tuziangalie hesabu. Bafa ya sampuli 512 (sampuli ni vipande vidogo vya sauti vilivyoandikwa kwa namba), kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni karibu milisekunde 10.7, ya sampuli 128 ni milisekunde 2.7. Kwa kuwa sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, jambo ambalo wengi wetu tunalivumilia. Lakini bafa hiyo si ucheleweshaji wote. Kadi hucheza bafa moja wakati programu inaandaa nyingine, draiva nayo huongeza akiba yake ya tahadhari ambayo mara nyingi haitajwi popote, kisha kuna muda wa kugeuza namba kuwa sauti. Hapo ndipo zile 10 zinapokuwa 30 au zaidi, na mpigaji anaanza kujihisi anaburuza wimbo.

Draiva ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Steinberg walitoa ASIO mwaka 1997 ili programu za muziki ziweze kuzungumza na kadi bila kupita kwenye kichanganya sauti cha Windows, na kadi yoyote inayouzwa kwa wanamuziki ingepaswa kuja na draiva ya ASIO iliyoandikwa kwa ajili yake. Hii yangu imekuja na kitu kilichopewa jina la ASIO ambacho ukikifungua unakuta ni ganda tu, linalotumia chini yake draiva ile ile ya kawaida ya Windows. Haikubali bafa iliyo chini ya sampuli 512. Maganda ya aina hii, kama ASIO4ALL, yana faida yake na yanapatikana bure. Kutozwa fedha kwa ajili ya ganda ndiko kunakoniudhi.

Nilipima. Nilichukua kebo fupi, nikaunganisha tundu la kutolea sauti na la kuingizia, nikacheza mlio mfupi na kuurekodi upya, kisha nikahesabu sampuli zilizo kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Programu ilikuwa inaonyesha milisekunde 21 za kwenda na kurudi. Kipimo kilitoa sampuli 1,968, yaani milisekunde 41. Draiva inayodanganya namna hii haimtesi mpiga kinanda peke yake, kwa sababu programu ya kurekodi huitumia namba hiyo hiyo kusogeza kila sauti mahali pake, na namba ikiwa ya uongo kila unachorekodi kinakaa nyuma ya mdundo.

Majibu ya huduma kwa wateja yalinivunja moyo zaidi. Kwanza walidai kwamba kosa ni la kinanda. Hata kwenye kebo ya zamani ya MIDI yenye pini tano, inayopitisha biti 31,250 kwa sekunde, noti moja hupita kwa takriban milisekunde moja. Baadaye wakanishauri ninunue kompyuta mpya yenye RAM kubwa, ilhali RAM husaidia kubeba rekodi nyingi za noti za piano na haipunguzi bafa hata chembe. Yanayonihusu mimi nimeyafanya yote: umeme wa kompyuta nimeuweka kwenye utendaji wa juu, Wi-Fi naizima baada ya LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji wa draiva, kuonyesha kuwa draiva yake ndiyo inayoleta mikwaruzo, situmii hedifoni za Bluetooth, na wakati wa kupiga naondoa limita (kizuizi cha sauti kubwa kupita kiasi) na vichujio vinavyolazimika kuisoma sauti mbele kabla ya kuitoa. Zaidi ya hayo, nimeazima kadi nyingine yenye draiva yake halisi ya ASIO, nikaiweka kwenye kompyuta hii hii, na piano ile ile inapigika kwa bafa ya 128 bila mkwaruzo. Sasa udhaifu wa kompyuta yangu uko wapi?

Wale wanaofundisha kwa video na kusema “weka bafa ya 64, basi” bila kuuliza mtu anatumia draiva gani, nao wana sehemu yao katika usumbufu huu.

Ninachotaka ni kurudishiwa fedha zangu, na hilo nimeliomba kwa maandishi. Kwenu nyinyi ninaomba jambo moja: mwenye kadi ya sauti aipime kwa kebo kama nilivyoeleza, kisha aweke hapa aina ya kadi, toleo la draiva, ukubwa wa bafa, kasi ya sampuli, na namba mbili, ile inayoonyeshwa na programu pamoja na ile aliyoipima mwenyewe.