Msaada wanasheria: katia sumu ila marehemu kafa kwa moyo, ni mauaji au siyo?

Mgeni_Leicester:
Wakuu habari za jioni, nipo mwaka wa kwanza wa sheria huku Uingereza na mtihani wa jinai umenikalia shingoni. Tumepewa swali la semina, kijana anautaka urithi, anamtilia mjomba wake sumu kwenye kinywaji, mjomba anapiga funda mbili tatu, asubuhi anakutwa amekufa, daktari anapima anasema ni moyo tu, sumu haikuhusika. Grupu letu limegawanyika. Mimi nasema jamaa kadhamiria, katenda, na mtu kafa, sasa mnataka nini tena? Kuna dada mmoja Mnaijeria anang'ang'ania hapo hamna mauaji. Na pia hii habari ya actus reus (kitendo cha kosa) na mens rea (nia ya kosa) kukutana kwa wakati mmoja, kesi ya Fagan imenivuruga kabisa. Msaada tutani.

Wakili_wa_Kijiweni:
Dogo, huyo dada yuko sahihi. Hiyo ni kesi ya White ya 1910, aliyemtilia mama yake sumu kwenye kinywaji, wamekubadilishia mama akawa mjomba. Glasi ilikutwa robo tatu bado imejaa na mama kafa kwa moyo. Mauaji hayatimii mpaka ionekane kifo kimeletwa na alichofanya mshtakiwa, sasa jiulize, kama ile sumu isingekuwepo mama angepona usiku ule? Wapi, angekufa vilevile, na nia hata iwe mbaya vipi haizibi hilo pengo. Ila usiishie hapo kwenye karatasi, wengi ndo wanapoachia maksi. White hakurudi nyumbani, alitiwa hatiani kwa jaribio la kuua, na siku hizi ungemshtaki kwa Criminal Attempts Act ya 1981, sheria yao ya majaribio ya uhalifu.

Chapombe_Mstaafu:
Kwa hiyo mlengwa akijifia mwenyewe wewe unapeta? Kweli sheria za wazungu hizi 😂

Wakili_wa_Kijiweni:
Hupeti mkuu. Jaribio la kuua kule linaweza kukupa kifungo cha maisha. Tofauti ni kwamba kwenye murder, yaani mauaji yenyewe, maisha ni lazima, jaji hana ujanja, kwenye jaribio anapima mwenyewe.

Binti_Pangani:
Mdogo wangu, Fagan wala siyo ngumu. Jamaa anaelekezwa na polisi mahali pa kupaki, gurudumu likapanda juu ya mguu wa polisi, na haikuthibitika kama alifanya makusudi. Polisi anapiga kelele toa gari, jamaa anamtukana, anamwambia subiri, na injini ikazimwa. Mahakamani hoja yake ikawa, gari lilipopanda sikuwa na nia, nia ilipokuja sikufanya kitu, nilikaa tu ndani ya gari. Ujanja huo! Majaji wawili kati ya watatu wakasema kitendo ni kimoja, kinaendelea muda wote gurudumu liko juu ya mguu, nia ikiingia katikati inatosha. Soma na hukumu ya jaji Bridge aliyepinga, binafsi naona ndiye aliyekuwa mkweli, maana kweli jamaa alikuwa amekaa tu.

Halafu unganisha na Miller ya 1983. Yule alilala na sigara kwenye nyumba aliyojiingilia bila ruhusa, akaamka akakuta godoro linafuka moshi, akahamia chumba cha pili akaendelea na usingizi wake, nyumba ikaungua. Mabwana wa House of Lords, mahakama yao ya juu kabisa enzi hizo, wakasema umeianzisha hatari mwenyewe, ukishaijua una wajibu wa kufanya kitu. Mimi naona njia hiyo ni safi kuliko kulazimisha kukaa kuwe kitendo.

Mgeni_Leicester:
Dada shukrani, hapo nimeelewa. Sasa je, mjomba angekuwa na moyo mbovu toka zamani halafu ile sumu kidogo ndo ikaumalizia?

Wakili_wa_Kijiweni:
Hapo umeshabadilisha swali dogo. Sumu ikichangia kweli kweli, ubovu wa moyo haumwokoi huyo kijana, unambeba mtu na udhaifu wake kama ulivyomkuta. Tafuta Blaue ya 1975, binti wa miaka 18, Shahidi wa Yehova, kachomwa kisu mpaka pafu, kakataa damu kwa imani yake akafa, na aliyemchoma kifo kikabaki juu yake. Kwa hiyo anza na alichosema daktari kwenye swali lenyewe, nia utaijadili baadaye.