Tupeane uzoefu: dereva anayerudia kuendesha akiwa amelewa, huko kwenu mnamalizana naye vipi?

Mwana Mkuyuni (mwanzisha mada)
Wakuu, salamu kutoka Jiji la Miamba, Mwanza. Juzi usiku hapa Mkuyuni gari dogo liliacha Barabara ya Kenyatta likaingia kwenye kibanda cha mama muuza mihogo. Bahati alikuwa ameshafunga. Dereva tunamjua sote. Ndiye aliyebomoa ukuta wa jirani yangu kabla ya Krismasi, na kabla ya hapo alimtupa mtu wa baiskeli mtaroni. Kila mara wanaitwa wazee, analipa mbao au matofali, anaomba radhi, yanaisha. Trafiki akifika anakuta watu wameshapeana mikono.

Wapo wanaotaka sheria iwabane zaidi wanaorudia. Naungana nao, ila kuna jambo linanisumbua: huyu wa kwetu, kisheria, amerudia lini? Hakuna daftari lolote lililoandika mara ya kwanza. Leteni visa vyenu, hotuba tumezichoka. Majina ya watu msiweke.

Tajiri wa Gari Moja
Mkuu umenigusa. Nina Hiace moja, njia ya Kisesa. Nilimpa kijana mmoja, leseni safi, adabu tele, hesabu inakuja kamili kila jioni. Siku hiyo napigiwa simu, gari imekula mzinga karibu na Igoma. Nafika, jamaa ananuka pombe toka mbali na bado anabishana na nguzo ya umeme. Abiria walikuwa wameshashuka, Mungu ni mwema.

Nilipoanza kuulizia ndipo nikaambiwa ameshafukuzwa na matajiri wengine wawili wa njia hiyohiyo, kosa lilelile. Mmoja nikamfuata: kaka, mbona hukunidokeza? Akanijibu, "Ulikuja kuniuliza?" Sasa hapo hata ukitunga sheria ya kumfunga miaka 20 anayerudia, huyu kijana angesimama mbele ya hakimu akiwa ni wa mara ya kwanza. Sisi matajiri tunamfukuza mtu kimyakimya, tunamwachia mwenzetu.

Konda Mstaafu
Tajiri, hujasikia ya jikoni. Nimening'inia mlangoni miaka mingi. Dereva wangu mmoja alikuwa akipata chakula cha mchana anapata na vyake viwili vitatu. Anasimamishwa, anaongea vizuri, tunashuka sote wawili kuomba. Mwisho wa maongezi inatoka karatasi ya faini ya 30,000, kosa limeandikwa taa mbovu. Taa zilikuwa zinawaka kuliko za harusi! Ukienda kuangalia kumbukumbu zake leo, yule bwana hajawahi kulewa, ila ana bahati mbaya sana na taa.

Halafu kuna deiwaka, dereva wa kibarua cha siku. Dereva mwenyewe akizidiwa analala siti ya nyuma, anamwachia mtu wa kijiweni amalizie mizunguko ya usiku. Mtu huyo tajiri hamjui, wala leseni yake hajaiona.

Nesi wa Zamu
Nafanya kazi kitengo cha majeruhi, hospitali siitaji. Mtasema kila kitu kuhusu wa usiku, ila mimi wanaonitisha ni wa alfajiri. Mtu kanywa mpaka saa nane usiku, saa kumi na moja anaoga maji baridi, anapiga supu ya sato, anashika usukani akiamini yuko sawa. Supu ya sato inaondoa njaa tu. Ini linaisafisha pombe kwa mwendo wake lenyewe, taratibu, saa baada ya saa, na hakuna kahawa wala ndimu ya kuliharakisha. Ndiyo maana kuwapulizisha madereva wa mabasi kipima ulevi stendi kabla hawajaondoka ni jambo la maana sana. Ingekuwa hivyo na kwa daladala na magari ya dagaa yanayotoka soko la Mwaloni, kazi yetu ingepungua.

Na jambo la pili. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ina kikomo chake, miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu. Lakini dereva akiletwa amevunjika, sisi kwanza tunaokoa uhai. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inakuja baadaye, kipimo cha damu kikiagizwa kinachelewa, na saa zinavyokwenda ushahidi unayeyuka ndani ya mwili wa mtuhumiwa mwenyewe.

Mtu wa Sengerema
Kwetu zamani kivuko kilitusaidia bila kujua. Ukitoka Mwanza umelewa, ukifika Kigongo unasubiri, unakula muhindi, unasinzia, abiria wanakuona ulivyo na wanapiga kelele. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 ni moja kwa moja, kama kilomita 3 juu ya maji, lami nyororo. Silalamiki, wagonjwa wetu sasa wanawahi hospitali ya Bugando. Nasema tu wanywaji nao wanawahi.

Msukuma Ughaibuni
Niko Uingereza, nawapa ya huku. Kikomo cha England ni hizohizo 80. Lakini ukitiwa hatiani mara ya kwanza unafungiwa kuendesha angalau miezi 12, na ukirudia ndani ya miaka 10 ni angalau miaka 3. Jirani yangu ilimkuta hiyo ya pili, sasa anapanda basi kwenda kazini na kila mtu mtaani anajua kwa nini. Faini hata haizungumzii. Kinachomuuma ni ule muongo mzima ambao kosa lake la kwanza linamngoja.

Mzee wa Pasiansi
Mnaota. Ongezeni adhabu muone, kitakachopanda ni bei ya kumalizana barabarani. Aliyekuwa anatoa ya soda atatoa ya mbuzi.

Mwana Mkuyuni
Mzee, hiyo hoja nzito, na nusu yake naikubali. Ndiyo maana ningeanza na kuandika kosa kwa jina lake, hata kama adhabu ya mara ya kwanza ni ndogo. Ndogo lakini imeandikwa. Kali ije kwa anayerudia.

Mama Wawili
Niseme na mimi, naomba msinishambulie. Mimi ni mke wa mmoja wa hao mnaosema wanarudia. Akiwa hajanywa hakuna baba mwema kumshinda. Funguo nimeficha kwenye gunia la unga, kwenye ndoo ya nguo chafu, nimewahi kumpa mama mkwe akae nazo, na bado rafiki zake wanampa gari lao. Nimeenda kituoni mwenyewe kuomba wamzuie, nikaambiwa mama, mpaka afanye kosa.

Mkisema jela, mimi ndiye nitakayelipa ada peke yangu. Sitetei, akimuua mtoto wa mwenzangu nitaishije? Lakini nyang'anyeni leseni kwanza, mkamate na huyo anayemwazima gari. Hapo hata mimi nitakuwa na wa kunisaidia kuficha funguo.

Tajiri wa Gari Moja
Pole sana dada. Hilo la anayeazimisha gari sijawahi kulisikia kwenye mjadala wowote, na ni kweli.

Wadau, kuna jambo tumelianza. Matajiri kadhaa wa njia ya Kisesa tumekubaliana, ukimfukuza dereva kwa pombe unawaambia wenzako, na ukiajiri unapiga simu kwa tajiri wake wa mwisho. Wapo wanaosema tunawaharibia vijana riziki. Kijana akikaa mwaka mzima bila tatizo tunamrudisha, hilo nalo tumekubaliana.

Konda Mstaafu
Waulizieni na madeiwaka. Hao ndio wengi usiku.