Mama anakunywa manjano na pilipili manga na huku yuko kwenye dawa za kifafa, kuna shida?

kitindamimba_88
Wakuu habari za muda huu. Mama yangu ana miaka 61, kifafa anacho toka usichana ila fenitoini imemtuliza, miaka na miaka hajaanguka. Sasa magoti yakaanza kumsumbua, kwenye grupu la ukoo ikazunguka klipu eti manjano na pilipili manga ndo kiboko ya magoti, basi kila asubuhi anakoroga kijiko cha chai cha manjano na kijiko cha pilipili manga ya unga kwenye maji moto anakunywa kabla hajatia kitu tumboni. Hii wiki ya pili. Magoti anasema yana nafuu, ila juzi nimemkuta anaenda chooni ameshika ukuta, anasema nyumba inazunguka, na maneno yanamtoka mazito kama kalewa na mama hajawahi kuonja pombe toka azaliwe. Dada akasema presha, tumepima iko sawa. Hivi inaweza kuwa hiyo pilipili au nawaza sana tu?

binti_muheza
Pole na mama. Mimi nimekulia chini ya pilipili manga kabisa, kwetu inapanda kwenye mifenesi, ukikohoa bibi anatwanga punje tano sita na tangawizi anatia asali, dakika mbili pua inatiririka kifua kinafunguka. Hatujawahi kuona mtu anayumba. Hebu angalia kwanza kama ni pilipili kweli, wachuuzi wanachanganya mbegu za papai zilizokaushwa, zinafanana mno. Nunua ya punje utwange mwenyewe, tia kwenye glasi ya maji, iliyoshiba inazama, papai linaelea.

mfamasia_mchovu
Binti hajakosea ila bibi yake hakuwa anampa mtu anayekunywa fenitoini, shida iko hapo.

Ule ukali wa pilipili manga ni piperini, kwenye punje kavu inakuwa kama asilimia 5 mpaka 9. Yenyewe si kwamba inatibu sana, kazi yake kubwa mwilini ni kuvizubaisha vimeng'enya vya utumbo na ini, vile vinavyovunjavunja dawa ili itoke. Ndo maana wanaipachika kwenye manjano, maana kurkumini, ile dawa yenyewe iliyomo kwenye manjano, ukiimeza peke yake karibu yote inapotea kabla ya kufika kwenye damu. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini na miligramu 20 za piperini, kiwango kwenye damu kikapanda kwa asilimia 2000, hiyo ndo namba mnayopigiwa kelele kwenye matangazo. Sasa mlinzi akisinzia hasinzii kwa manjano tu, kila aliyeko getini anapita. Fenitoini imepimwa kwa wagonjwa wa kifafa wenyewe, miligramu 20 hizohizo zikaipandisha kwenye damu. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, nayo hivyohivyo, na propranololi ya presha. Wahindi wameitumia hata kwa faida, wana kidonge cha TB chenye rifampisini kidogo kuliko kawaida kwa sababu wameweka piperini ndani.

Piga hesabu ya mama. Kijiko cha chai cha unga ni kama gramu 2, kwa asilimia 5 tu ni miligramu 100 za piperini, mara tano ya waliyopewa wale wa kwenye utafiti, tena kwa mkupuo na tumbo tupu. Na fenitoini ni dawa yenye hila, ini likishafika kikomo chake kidogo tu kikiongezeka kiwango kinaruka. Ikizidi mtu anayumba, anaongea kilevi, macho yanachezacheza. Sisemi ni hiyo kwa asilimia mia, hata kiharusi kinaweza kumfanya mtu aongee hivyo, kwa hiyo mpeleke LEO. Huo mchanganyiko aache sasa hivi ila fenitoini msimkatishe wenyewe, atarudi kuanguka.

wali_maharage
Kwa hiyo na pilau tuache? 😂

mfamasia_mchovu
Kula pilau lako mkuu, kijiko kimoja kwenye sufuria la watu kumi wewe unapata chembe. Wengi tatizo linaanza pale kiungo kinapogeuzwa dozi. Na kapsuli za manjano zenye piperini ndo mbaya zaidi, kuna watu zimewaumiza ini.

kitindamimba_88
Mrejesho. Tulienda jana ileile. Daktari akamwambia afuate kidole chake kwa macho tu bila kugeuza shingo, nami nimesimama pembeni nayaona macho ya mama yanarukaruka kila akiangalia pembeni, nilitetemeka. Damu wamechukua, dozi wakapanga wao upya. Kurudi nyumbani nafungua pochi yake nitoe kadi ya kliniki nakuta na kichupa cha kapsuli za manjano alizoletewa na mama mdogo kutoka Dubai, nyuma imeandikwa ina piperini. Kumbe alikuwa anapiga kotekote! Namuuliza mama hizi nazo, ananijibu "si nilijua hizo ni za magoti, yale maji ni ya damu."

Leo asubuhi kaenda chooni bila ukuta. Mfamasia nashukuru sana kaka au dada, sijui. Sasa tunarudi palepale, magoti yameanza tena na keshaniuliza mara mbili kama chai ya tangawizi nayo imo.

mfamasia_mchovu
Dada 🙂 Chai ya tangawizi na punje yake moja ya pilipili anywe kama alivyokuwa anakunywa zamani. Ya magoti niandikie chini dawa zote anazomeza, zote, na za kwenye pochi.