Mliopata msaada wa serikali kuanzisha bustani ya jamii, mliomba nini kwanza? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za humu.

Kikundi chetu kinataka kulima kiwanja cha wazi ambacho ni mali ya serikali. Kila tukikaa kikao, mazungumzo yanaishia kwenye fedha: tuombe ruzuku kiasi gani, nani aandike andiko la mradi. Mimi nahisi kuna vitu vya kuomba kabla ya fedha, ila sijaweza kuwashawishi wenzangu. Waliokwisha kupita njia hii watueleze walichopewa, na kipi hasa kiliwasaidia.

Jembe Halimtupi
Mkuu, hisia yako ni sahihi. Ombeni karatasi kwanza. Sisi tulianza kwa ruhusa ya mdomo. Ofisa aliyeturuhusu akahamishwa, na aliyekuja akafungua jalada, hakukuta barua wala muhtasari. Kiwanja kikapangiwa maegesho ya magari huku mboga zikiwa bado matutani. Watu walilia pale, nasema kweli.

Sehemu ya pili tuliyopewa hatukugusa udongo mpaka mkataba wa matumizi uliposainiwa. Tulipigania vipengele vinne: muda usiopungua miaka kadhaa, notisi ya maandishi kabla ya kuondolewa, haki ya kuvuna kilichokwisha kupandwa, na nani abaki na uzio, matangi na banda la vifaa siku tukiondoka. Hicho cha mwisho wengi hukisahau. Udongo wenyewe hauwi mzuri msimu wa kwanza; mboji huchukua misimu kuukomaza, sasa nani atahangaika na mboji kama hajui mwakani atakuwepo?

Msomaji wa Sheria
Naongezea hapo kwa Jembe. Uingereza walilitia jambo hili kwenye sheria zamani. Chini ya sheria ya 1908, watu sita waliojiandikisha kupiga kura au wanaolipa kodi ya eneo wakiandika kuomba viwanja vya kulima, mamlaka yao inawajibika kulizingatia ombi hilo. Kisha sheria ya 1925 ikaizuia mamlaka kuuza ardhi iliyopatikana kwa ajili ya bustani hizo bila idhini ya waziri. Ona tofauti na New York: mpango wa jiji wa kusaidia bustani za jamii, GreenThumb, ulianza 1978, lakini bustani nyingi zilikuwa kwenye viwanja vilivyokodishwa kwa muda. Mwaka 1999 jiji likataka kupiga mnada zaidi ya bustani mia moja. Zilinusurika kwa sababu mashirika ya hiari yalizinunua. Msaada ulikuwepo, ulinzi wa ardhi haukuwepo.

Mama Matuta
Mimi naomba niseme kuhusu maji, maana wanaume humu mnapenda kuongelea mikataba tu.

Tulipewa mbegu, majembe, hata mikokoteni, na siku ya uzinduzi viongozi walikuja wakapiga picha. Bomba halikuwepo. Wanawake ndio tuliobeba ndoo, na msimu wa kiangazi ulipofika walibaki wale wenye nafuu ya muda tu. Waliohitaji ile bustani zaidi ndio waliotoka kwanza. Hilo liliniuma sana.

Baadaye tuliiandikia mamlaka ya maji, tukiambatanisha mchoro wa kiwanja unaoonyesha bomba kuu linapita wapi na umbali wake hadi getini. Wakatuunganishia na kutufungia mita yetu. Ulizeni pia mtalipa kwa kiwango kipi, cha nyumbani au cha biashara. Bili ya kwanza ndiyo huvunja vikundi.

Ndugu Mweka Hazina
Tusiibeze ruzuku, jamani. Uzio na matangi havijengwi kwa maneno. Tatizo ni kwamba ruzuku nyingi zina tarehe ya mwisho ya matumizi, na mwaka wa fedha haujui msimu wa mvua. Sisi tuliomba malipo kwa awamu, tukaambatanisha kalenda ya kilimo. Walikubali.

Mgeni wa Uzi
Samahani, kiwanja chetu kilikuwa karakana ya magari. Kuna hatari?

Bibi Shamba Mstaafu
Ipo, mwanangu. Rangi za zamani na petroli ya zamani vilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na risasi hiyo ikishaingia kwenye udongo haiozi. Mafuta machafu nayo hubaki. Iombeni serikali ipime udongo kabla hamjachimba. Hiyo ni kazi yake, na ni msaada mkubwa kuliko mbegu. Majibu yakiwa mabaya lakini si ya kutisha, jengeni matuta ya kuinuliwa kwa udongo safi ulioletwa, tandikeni kitambaa kizito chini yake, na funikeni njia ili vumbi lisiruke. Watoto ndio wa kulindwa zaidi, wanatia mikono mdomoni.

Mwanzisha uzi
Nashukuru sana, nyote. Swali moja: kikundi chetu hakijasajiliwa. Barua ipelekwe kwa jina la nani?

Jembe Halimtupi
Sajilini kwanza, maana mkataba wa mtu binafsi huondoka naye. Mkisubiri cheti, pelekeni barua ya nia yenye majina na saini za wote pamoja na muhtasari wa kikao. Hakikisheni inapokelewa masijala, nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe, na muandike namba ya jalada.